Mbwa mkubwa akipasuliwa goti, kazi iko nyumbani



Ukurasa huu wa jamaa umezoea kusema juu ya watoto, wazee na wagonjwa wetu wa nyumbani. Juma hili mgonjwa ni mbwa. Tunajua wengine mtacheka, na wengine mtauliza kama franka za wamama zimekuwa nyingi hata kufika kwenye magoti ya mbwa. Swali hilo liliulizwa pia katika mkutano wetu wa mwezi wa sita, tena kwa sauti kubwa, na hapa chini tutalisema bila kulificha. Lakini tangu habari isambae mtaani, wamama kadhaa wenye mbwa wakubwa wametusimamisha njiani wakitaka kujua tulifanya namna gani. Basi tunaandika mara moja kwa wote.

Mbwa mwenyewe anaitwa Simba. Ni dume wa Rottweiler mwenye miaka sita. Mwenye mbwa ni mmoja wetu, mjane mwenye watoto watatu, hapa Lubumbashi. Marehemu mume wake alimleta Simba nyumbani angali mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja. Tangu mume afariki, mama huyo hana uwezo wa kulipa zamu wa usiku. Zamu wake ni Simba. Mwaka uliopita wezi waliingia katika nyumba mbili za jirani; kwake walifika kwenye lango, wakasikia ile sauti, wakaenda zao.

Kano iliyochakaa polepole

Mwezi wa nne Simba alianza kuamka akichechemea mguu wa nyuma wa kuume. Akitembea kidogo, kuchechemea kunapungua, jioni kunarudi. Watoto walisema ni mwiba. Jirani alisema amepigwa jiwe. Mwiba ulitafutwa, haukuonekana. Kilichoonekana ni kwamba akikaa anautupa mguu pembeni, haukunji tena chini yake kama zamani, na goti limeanza kuvimba upande wa ndani.

Munganga wa wanyama alimlaza ubavu, akashika mfupa wa paja kwa mkono mmoja na mfupa wa muundi kwa mkono wa pili, akatuonyesha namna muundi unavyoteleza kwenda mbele kama mtoto wa meza anapovutwa. Katika goti zima hauwezi kuteleza hivyo. Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana kama msalaba; ile ya mbele ndiyo inayozuia muundi usitoke mahali pake, na kwa Simba ilikuwa imekatika.

Wengi wetu tunajua jeraha hili kwa sababu ya mpira: mchezaji anageuka ghafla, anaanguka, anatolewa kwa machela. Kwa mbwa mara nyingi haiendi hivyo. Kano yao inachakaa uzi kwa uzi, kama kamba ya kisima, hata siku moja inakatika mbwa akiruka ngazi moja tu. Ndiyo sababu hakuna aliyemwona Simba akianguka. Uzito unaongeza hatari, na kuna aina za mbwa, Rottweiler na Labrador kati yao, zinazopatwa kuliko nyingine. Na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa kuchakaa, mbwa wengi waliokatika kano ya goti moja, karibu nusu yao, wanakuja kukatika na ya goti la pili. Neno hilo mlishike, tutaliona tena kwenye sahani.

Simba alipelekwa kwenye depo ya unga, akapandishwa juu ya mizani ya magunia, watoto wakimshika. Kilo 58. Munganga alisema kwa umbo lake asizidi 50.

Mbwa mdogo, wa chini ya kilo 15, anaweza pengine kupata nafuu kwa kupumzishwa tu. Kwa mbwa mkubwa ni mara chache. Goti linaendelea kuteleza, kile kipande laini kilicho kati ya mifupa kinasagika, na mwishowe goti linakakamaa na kuuma daima. Basi kupasua. Hapo kuna njia zaidi ya moja. Ile inayosifiwa zaidi kwa mbwa wakubwa iliandikwa mwaka 1993 na munganga wa wanyama wa Marekani, Barclay Slocum: sehemu ya juu ya muundi inakatwa, inazungushwa kidogo, inafungwa kwa bamba la chuma na skurubu, ili goti litulie hata bila kano. Inataka misumeno yake, mabamba yake na fundi aliyejifunza, na vitu hivyo havipo kila mahali. Njia nyingine ni ya zamani zaidi: uzi mnene wa nailoni unafungwa nje ya goti ufanye kazi ya kano. Simba alifanyiwa hiyo ya uzi. Munganga hakutudanganya, alisema kwa mbwa wa uzito ule bamba lingekuwa bora, lakini uzi utaweza, kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo yaliyotuongoza miezi yote mitatu. Uzi hauponyi goti. Unashika kwa muda tu, wakati mwili unajenga kovu gumu kuzunguka goti, na kovu hilo ndilo litakaloshika baadaye. Mbwa akikimbia kabla kovu halijakomaa, uzi unalegea au unakatika, na pesa yote imekwenda. Kisu kilichukua asubuhi moja. Yaliyobaki yote yalikuwa ya nyumbani.

Maneno ya mkutano

Pesa ilitoka kwenye likelemba yetu, kwa hiyo ilibidi isemwe mbele ya wote. Mama mmoja alisema wazi: mwezi wa tisa unakuja, watoto wana minerval, na sisi tunataka kushona mbwa? Shemeji wa mwenye mbwa naye alikuwa ametoa shauri lake: auawe, anunuliwe mtoto mwingine wa mbwa.

Mwenye mbwa hakugombana. Alifungua daftari akasoma hesabu. Mshahara wa zamu wa miezi mitano ulikuwa tayari unapita bei ya upasuaji na dawa. Mtoto wa mbwa anataka mwaka na zaidi kabla mwizi hajamwogopa, na mwaka huo wote anakula bure. Halafu akasema watoto wake wamekwisha kumzika baba yao, na huyo mbwa ndiye… Hakumaliza. Hakuna aliyemwomba amalize.

Tulikubali ale likelemba mwezi wa saba badala ya mwezi wa kumi. Wamama wawili walikataa, na hata leo hawajabadili wazo. Tunaliandika kwa kuwa si haki kusema tulikuwa sauti moja. Mmoja wa hao wawili ndiye aliyeleta magunia ya kutandika chini, lakini alisema: nayaleta kwa ajili ya mama, si kwa ajili ya mbwa.

Kabla ya kisu

Goti la mbwa si ajali ya barabarani. Mara nyingi munganga anakubali kungoja majuma machache, mradi mbwa asikimbie. Tumieni nafasi hiyo kuchagua tarehe. Sisi tulichagua mwanzo wa mwezi wa saba. Masomo yamefungwa, watoto wako nyumbani. Mvua hakuna, na anayejua udongo wetu mwekundu ukilowa anajua maana yake kwa mguu mmoja mbovu. Mpaka mvua irudi, goti litakuwa limeshika. Ubaya wa kiangazi ni baridi ya usiku: mwezi wa saba saruji ya Lubumbashi ni barafu, na mbwa aliyenyolewa mguu mzima analisikia hilo. Kipande cha godoro la zamani, kimefungwa na mfuko wa plastiki ndani na shuka nje, kilitosha. Shuka zilikuwa mbili, moja ikikaushwa nyingine inatumika.

Chumba kilikuwa stoo iliyo karibu na jiko. Kilitolewa kila kitu ambacho mbwa angeweza kukipanda. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji iliyong'arishwa, na hapo ndipo tulipotumia magunia: yalishonwa pamoja, yakatandikwa ukuta kwa ukuta. Karo na saruji laini ni adui mkubwa kuliko ngazi. Mbwa anayesimama kwa miguu mitatu akiteleza mara moja, miguu ya nyuma inatanuka, na kazi ya munganga imevunjika kabla hujaweka chini sufuria. Dirisha la stoo lilitazama lango. Hilo halikuwa bahati; mama alilichagua kwa sababu hiyo. Alitaka wezi waendelee kumsikia Simba hata kama hawezi kuwafuata.

Kwenye mlango wa jiko kulikuwa na ngazi tatu. Kijana mkubwa wa nyumba alipigilia mbao mbili zikawa mteremko, juu yake gunia, ili kucha zishike.

Halafu kikwembe. Chukua kikwembe cha zamani, kikunje kwa urefu kiwe na upana wa mikono miwili, kipitishe chini ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, shika ncha mbili juu ya mgongo. Unapotembea naye, kikwembe kinabeba sehemu ya uzito wa nyuma, na akiteleza haanguki. Kwa dume angalieni kisizibe mahali pa kukojolea, la sivyo kikwembe chenyewe kitaloa. Huku kwetu kila nyumba inacho, na wamama waliobeba watoto mgongoni hawahitaji kufundishwa namna ya kukifunga.

Juu ya kubeba: kilo 58 ni mifuko miwili ya unga ya kilo 25 na bado inabaki. Mama asijaribu peke yake. Wawe watu wawili, mmoja anazungusha mikono kifuani, mwingine nyuma ya mapaja, wanainuka pamoja wakikunja magoti yao, mgongo umenyooka. Mbwa asivutwe kwa makwapa wala kuinuliwa kwa tumbo. Siku ya kumshusha kutoka kwenye gari tulikuwa wanne na bado tulihema.

Na ratiba. Tunasema hili kwa nguvu kidogo. Maagizo ya munganga yanasema "mwenye mbwa afanye hiki, mwenye mbwa afanye kile", kama kwamba mwenye mbwa ni mtu mmoja asiye na soko, asiye na makala ya kuwasha, asiye na watoto. Tunajua mtu huyo ni nani katika kila nyumba. Kwa hiyo kabla Simba hajapelekwa, karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa jiko: asubuhi kijana mkubwa, saa sita binti, saa kumi mmoja wa wamama wa jirani, saa mbili usiku kijana tena. Dawa ziliandikwa hapo hapo, na aliyetoa kidonge anatia alama. Mama alibaki na usiku tu. Usiku tatu za kwanza, sisi tulimpokea.

Siku za kwanza

Usiku wa kwanza Simba alilia. Si kulia kwa maumivu peke yake. Dawa ya usingizi inamwacha mbwa amechanganyikiwa, hajui alipo, analia kama mtoto aliyeamshwa. Mtu kukaa karibu naye kulisaidia kuliko kitu kingine. Maji kidogo kidogo, chakula kidogo. Mkojo unatakiwa utoke ndani ya siku moja. Choo kinaweza kuchelewa siku mbili tatu, msiogope.

Kola. Mbwa akilamba kidonda cha upasuaji anakifungua, na ulimi wake si safi kama watu wanavyosema. Kola ya plastiki ya madukani, ile pana kama mdomo wa tarumbeta, haikupatikana ya ukubwa wake. Kijana alikata tako la ndoo ya rangi, akalainisha makali kwa moto na kuyafunga kitambaa, akatoboa matundu, akaifunga kwenye mkanda wa shingo. Simba aligonga milango yote ya nyumba kwa juma moja. Lakini kidonda hakikuguswa, na nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Kola isitolewe kwa huruma kabla ya hapo.

Kidonda kitazamwe mara mbili kwa siku, mchana penye mwanga. Kuvimba siku za kwanza ni kawaida, na usishangae uvimbe ukishuka mpaka kwenye kifundo cha chini ya goti. Maji ya mwili yanashuka yenyewe. Kisicho kawaida ni wekundu unaoongezeka, joto, usaha, harufu, au nyuzi kuachana. Hapo ni simu kwa munganga siku ile ile.

Tulikandamiza baridi kwa dakika kumi, mara tatu kwa siku, siku tatu za mwanzo. Umeme ulikuwa unakwenda na kurudi, basi watoto walinunua vile vifuko vya maji yaliyogandishwa vinavyouzwa barabarani, wakavizungushia kitambaa. Barafu isiguse ngozi tupu.

Sasa dawa, na hapa tunawaomba msome polepole. Dawa za maumivu zile munganga wa wanyama alizotoa zinapewa pamoja na chakula, kwa kipimo chake, kwa siku alizosema. Mbwa akitapika, akikataa kula, au akitoa choo cheusi kama lami, dawa inasimamishwa na munganga anaitwa. Msimwongezee vidonge vya watu. Ibuprofen na diclofenac, ambazo kila mmoja wetu ana vidonge viwili vitatu mkobani, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na zinaweza kumuua. Hata paracetamol isitolewe bila munganga kusema. Jirani mmoja mwenye roho nzuri alikuja na diclofenac, akisema ilimsaidia yeye goti lake. Tulimshukuru, tukamrudishia.

Juu ya watoto: mbwa mpole akiumwa anaweza kuuma. Simba hakumwuma mtu, lakini siku ya pili alinguruma binti alipogusa mguu, na mama alifanya sheria: mtoto mdogo haingii stoo bila mkubwa, na hakuna anayemkumbatia. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekwisha kutolewa kabla ya mambo haya yote. Na mbwa yeyote akimwuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali bila kuchelewa. Ugonjwa ule ukianza kuonekana, dawa hakuna.

Majuma magumu

Mtu angedhani siku za kwanza ndizo ngumu. Hapana. Siku za kwanza mbwa anaumwa, anatulia mwenyewe. Shida inaanza juma la tatu. Nyuzi zimetoka, manyoya yanaota, mguu unagusa chini, Simba anatikisa mkia akisikia mnyororo. Watoto wanasema amepona. Wageni wanasema amepona. Mbwa mwenyewe anasema amepona kuliko wote. Na ndani, kovu bado ni changa.

Hapo tulifuata saa, si macho. Juma mbili za kwanza anatoka kwa haja tu, dakika tano, mara nne kwa siku, na kamba fupi na kikwembe. Kisha munganga akaruhusu kuongeza dakika tano kila juma, daima kwa kamba, polepole sana. Polepole ni dawa yenyewe: mbwa akienda mbio kidogo anauinua mguu mbovu na kuruka kwa mitatu, lakini akitembea taratibu analazimika kuukanyaga, na nyama ya paja inarudi. Paja lake lilikuwa limekonda hata ungeweza kulizungusha kwa vidole. Munganga alifundisha pia kumlaza ubavu na kukunja goti na kulinyoosha, taratibu, mara kumi, asubuhi na jioni, bila kulazimisha. Kazi hiyo binti aliichukua akawa haruhusu mtu mwingine. Baadaye likaja zoezi la kukaa na kusimama, ambalo Simba alilipenda kwa kuwa kila mara alipata kipande cha ndakala.

Kuruka, kupanda, kucheza na mbwa wengine, kukimbilia lango: hapana, majuma nane yote. Na kukimbilia lango ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote. Usiku wa juma la tano mtu aligonga lango la jirani, Simba akasimama kwa kishindo, akabweka mpaka ndoo ya rangi ikatetemeka. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa komeo na kwa kiti. Kubweka hakuharibu goti. Aliyekuwa nje, kama alikuwa na nia mbaya, hakujua kwamba zamu amelala kwenye godoro.

Juma la sita likaja jaribu lingine: jike la nyumba ya tatu liliingia joto. Siku kumi Simba hakula vizuri, alilia mlangoni, alivuta kamba. Matembezi yakahamishiwa upande wa pili wa barabara, watu wawili, kikwembe juu. Tunaliandika ili mwenye dume alihesabu mapema. Sisi hatukulisoma popote.

Mguu ukiwa unaendelea vizuri, halafu ghafla mbwa anauinua tena na hataki kuukanyaga, msingoje uishe wenyewe. Pengine uzi umelegea, pengine kile kipande laini cha ndani kimechanika, pengine vidudu vimeingia. Munganga ndiye atakayejua. Kwa Simba ilitokea siku moja tu, na ilikuwa kokoto kati ya vidole. Lakini aliitwa munganga, na hakukasirika kuitwa kwa ajili ya kokoto.

Sahani ya Simba

Mbwa aliyelala kutwa hawezi kula kama mbwa anayezunguka usiku kucha. Chakula chake kilipunguzwa karibu robo, kwa shauri la munganga, na kikabadilishwa: bukari kidogo kuliko zamani, ndakala na mboga zaidi, mafuta ya mawese yakasimama. Vitunguu hapana, ni sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, inapasuka kama miiba. Shida haikuwa sahani yenyewe. Shida ilikuwa mikono. Kila aliyeingia kumpa pole mgonjwa alileta kitu: kipande cha mkate, ngozi ya kuku, mwisho wa bukari. Binti akaandika kwenye mlango wa stoo: "Pole ya mdomo tu." Ilisaidia.

Mwisho wa mwezi wa saba alikuwa kilo 56. Mwisho wa mwezi wa tisa, 51. Kwa maoni yetu hizo kilo saba zimefanya kazi kama uzi wenyewe, na ndizo tumaini la goti la kushoto, ambalo hakuna aliyeligusa na ambalo munganga analishika kila mara akimaliza la kuume.

Simba leo

Katika juma la kumi na mbili munganga alimlaza tena, akavuta muundi kama mara ya kwanza. Haukuteleza. Simba sasa anatembea dakika arobaini kwa kamba na analala tena karibu na lango. Asubuhi zenye baridi bado anachechemea hatua chache za kwanza. Tumeambiwa hilo linaweza kubaki, kwa kuwa goti lililoumia huzeeka mapema. Mbio za kufukuza paka, bado mwezi mmoja wa kuzikataza, na paka wamekwisha kulijua.

Minerval ya mwezi wa tisa ililipwa, kwa kuchelewa juma mbili, na shule ilipokea. Likelemba mama analipa kila mwezi kama wengine.

Kwa wale wanaongoja: ndoo ya rangi, mbao za mteremko, magunia yaliyoshonwa na kikwembe vimefuliwa na kuhifadhiwa kwa katibu wetu. Anayehitaji kuazima aulize Jumamosi baada ya mkutano, aseme uzito wa mbwa wake na tarehe. Mwenye depo ya unga amekubali kupima mbwa bila malipo asubuhi kabla ya wateja, mradi mbwa afungwe kamba na mizani ipanguswe.